"Mwalimu, mtandao unasumbua": kutafuta kasoro ya masomo ya mtandaoni chuoni

Ujumbe unaofika dawati la msaada la TEHAMA katika vyuo vyetu vya Tanzania una maneno machache yanayojirudia. "Shikamoo Dokta, mtandao unasumbua." "Samahani Mwalimu, linki inagoma." Halafu CR, kiongozi wa darasa, anaandika kwa niaba ya wenzake mia tatu: "Wengi hawajafanikiwa." Hakuna anayesema ameona nini kwenye skrini, saa ngapi, akitumia simu gani. Mhadhiri anaongeza siku mbili za kukabidhi kazi, na wiki inayofuata kasoro ni ileile.

Malalamiko mengi yanayopewa jina la mtandao yana chanzo kingine kabisa: mpangilio ulioachwa na mhadhiri, usajili ambao haujakamilika, saa iliyoandikwa vibaya. Kwa hiyo hapa tunaanza na dalili, kisha vyanzo kuanzia kinachotokea mara nyingi hadi cha nadra. Nimetumia Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, kwa upande wa kozi na Zoom kwa upande wa vipindi vya mubashara. Wenye Google Meet au BigBlueButton watakuta matatizo yaleyale kwenye vitufe vyenye majina mengine.

Kabla ya kugusa chochote, uliza nani anapata shida. Akiwa mmoja, tafuta kwenye simu yake au akaunti yake. Likiwa darasa zima na madarasa mengine yako salama, tafuta kwenye kozi yako. Wakiwa wote wanaotumia Wi-Fi ya chuo huku wenye bando wanaendelea, kasoro iko kwenye mtandao wa chuo. Na kukiwa hakuna anayepata kitu popote, tulia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu na intaneti ikayumba Afrika Mashariki nzima. Siku kama hiyo, Moodle iliyo kwenye seva ya ndani ya nchi inaweza kufikika huku Zoom imekufa, na hakuna kitufe cha kubonyeza kitakachosaidia. Ahirisha kipindi, weka maandishi na sauti kwenye kozi, basi.

"Siwezi kuingia" na "kozi yangu haipo"

Haya ni matatizo mawili, ila wanafunzi huyaripoti kwa sentensi moja. Muulize: umefika ndani ukakosa kozi, au umegomewa mlangoni?

Aliyegomewa mlangoni, chanzo cha kwanza ni jina la mtumiaji. Vyuo vingi hutumia namba ya usajili, yenye vistari au mikwaju, na simu inapojijazia namba hiyo yenyewe inaweza kukosea alama moja. Kosa hilo ni rahisi kulipita kwa macho lakini linatosha kumkatalia. Afute yote, aandike kwa mkono. Pili ni nenosiri: barua ya kulibadilisha inakwenda kwenye barua pepe ya chuo ambayo hajawahi kuifungua tangu apewe. Tatu, na hili husahaulika, ni tarehe ya simu. Simu iliyokaa bila chaji hadi ikapoteza tarehe hutoa onyo kwamba tovuti si salama. Aende kwenye mipangilio, aiachie simu ichukue saa kutoka mtandaoni, ajaribu tena. Onyo hilo likimtokea kila mtu na tarehe ziko sawa, cheti cha usalama cha seva huenda kimeisha muda. Hapo waambie TEHAMA na uwatangazie wanafunzi wasiingize nenosiri mpaka kirekebishwe.

Aliyeingia akakosa kozi, mara nyingi hajasajiliwa. Majina kwenye Moodle hutoka kwenye mfumo wa usajili wa chuo. Ada haijakamilika au boom, fedha za mkopo wa mwanafunzi, limechelewa, jina haliji. Usimwingize kwa mkono kwa huruma. Atafanya kwizi zote, atakabidhi kazi zote, na mwisho wa semista alama zake hazitakuwa na pa kukaa. Mpeleke kwa afisa wa usajili wa kitivo, na kama idara inaruhusu apewe nafasi ya muda, iwe kwa maandishi.

Wakiwa darasa zima, chanzo ni wewe. Kozi imefichwa: wewe unaiona kwa kuwa ni yako, wao hawaioni. Au umenakili kozi ya mwaka jana pamoja na tarehe yake ya mwisho, kwa hiyo Moodle inaihesabu kuwa imekwisha na kuiondoa kwenye orodha ya kozi zinazoendelea. Rekebisha tarehe hiyo kwenye mipangilio ya kozi. Kisha tumia uwezo wa Moodle wa kubadili nafasi yako uwe mwanafunzi kwa muda, uitazame kozi kama wanavyoiona wao. Wahadhiri wengi hawajui kama uwezo huo upo, na ndio ungewaokoa na nusu ya simu za wiki ya kwanza.

Kwenye kipindi sauti haisikiki, au inakatikakatika

"Hatukusikii" inatafutwa kwa mpangilio huu:

- Wewe hujafungua maiki, au kompyuta inatumia maiki nyingine. Ukichomeka hedifoni katikati ya kipindi, Zoom inaweza kubaki kwenye maiki ya zamani. Bonyeza kishale kando ya alama ya maiki, uchague.
- Mwanafunzi ameingia bila kuunganisha sauti. Kwenye simu, Zoom humuuliza akubali kutumia sauti kupitia Wi-Fi au data. Akipuuza swali hilo anakuona ukichezesha midomo tu.
- Unacheza video na wao wanaona picha bila sauti. Ulipoanza kushirikisha skrini hukuweka tiki ya kushirikisha sauti ya kompyuta. Simamisha, anza upya, weka tiki.

Mwangwi maana yake kuna vifaa viwili kwenye chumba kimoja, vyote spika wazi. Nyamazisha wote, fungua mmoja mmoja. Umemaliza.

Sauti inayokatikakatika inahitaji uvumilivu zaidi. Zima kamera yako kwanza, halafu waulize kama imetulia. Ikitulia, njia yako ni nyembamba: funga programu zinazojisasisha kwa kificho, sogea karibu na rauta au chomeka waya. Isipotulia, washa bando la simu yako, iunganishe na kompyuta, uingie tena. Jaribio hili moja lina thamani kubwa, kwa sababu kama kwenye simu kila kitu kinakwenda vizuri na kwenye Wi-Fi ya chuo kinagoma, kosa si la kompyuta wala la Zoom. Huenda Wi-Fi imeelemewa. Huenda pia faiawali ya chuo, kizuizi cha usalama cha mtandao, imeziba njia za UDP (namna ya kusafirisha data) ambazo vipindi vya mubashara huzitegemea: Zoom hutumia milango ya 8801 hadi 8810, BigBlueButton ile ya 16384 hadi 32768. Njia hizo zikizibwa, mkutano unafunguka vizuri kabisa halafu sauti inagoma au inasuasua, na ndiyo maana watu hulaumu spika. Wewe huwezi kuzifungua. Mwandikie mhandisi wa mtandao, mtajie namba hizo, umweleze kwamba kwenye bando la simu ilifanya kazi.

Kuna na umeme. Kompyuta mpakato ina betri, rauta haina. Umeme ukikatika unabaki unazungumza na skrini iliyoganda. UPS ndogo ya rauta, yaani betri ya akiba, inamaliza kero hii kuliko kununua kompyuta mpya.

Acha mara moja: betri ya kompyuta au power bank iliyovimba hadi kifuniko kimeinuka, au UPS inayonuka kuungua. Izime, ichomoe, usiitoboe wala usiibane irudi. Ni kazi ya fundi, hata kama una kipindi baada ya robo saa.

Bando la mwanafunzi linaisha kabla ya kipindi

Chanzo cha kwanza ni kamera, na hasa kamera za watu wote kwa pamoja. Kwa viwango vinavyotolewa na Zoom yenyewe, video nzuri ya kikundi hula karibu kilobiti 600 kwa sekunde na zaidi, sauti peke yake 60 hadi 80, na skrini yenye slaidi bila picha za watu 50 hadi 75. Piga hesabu. Video ya kilobiti 600 ni MB 270 kwa saa. Sauti pamoja na slaidi ni kama MB 70. Kipindi cha saa mbili ni MB 540 au MB 140, na uamuzi ni wa mhadhiri. Anayewalazimisha wanafunzi mia mbili wawashe kamera ili "ahakikishe wapo" anawatoza ada ambayo haimo kwenye muundo wa ada wa chuo.

Chanzo cha pili ni video zilizopakiwa kwenye kozi kama zilivyotoka kwenye kamera. Zipunguze hadi ubora wa picha wa 480p kwa programu ya bure kama HandBrake. Weka na sauti peke yake: saa nzima ya maneno ya mtu mmoja, MP3 ya kilobiti 32, ni MB 14 na kitu. Mwanafunzi anaisikiliza kwenye daladala.

Chanzo cha tatu ni kuangalia kitu kilekile mara nyingi mtandaoni. Waelekeze kwenye programu ya Moodle ya simu, inayoweza kupakua maudhui ya kozi wakiwa kwenye Wi-Fi ya chuo, wakayasoma nyumbani bila data. Ikikataa kuunganisha na Moodle ya chuo wakati kivinjari kinafungua, huduma ya simu haijawashwa upande wa seva, na hiyo ni kazi ya msimamizi wa mfumo.

Faili la kazi halipandi

Mwanafunzi amefanya hesabu kwenye karatasi, akapiga picha kurasa nane kwa simu, kila picha MB 4. Anaziunganisha kuwa faili moja la MB 32 kwenye sehemu uliyoruhusu faili la MB 5, na mfumo unakataa. Anakutumia WhatsApp usiku ule picha nane zilizopinda, mbili zikiwa na kivuli cha mkono wake.

Angalia kiwango ulichoweka kwenye kazi yenyewe, kwa sababu ndicho kinachobana mara nyingi. Ukikiongeza na bado inakataa, kiwango cha kozi kiko chini. Ukikiongeza nacho, kuna cha seva: PHP, programu inayoendesha Moodle kwenye seva, isipoguswa na mtu huruhusu faili la MB 2 tu, na hapo ni msimamizi wa seva pekee anayeweza kupandisha.

Lakini dawa nzuri iko upande wa pili. Wafundishe kutumia programu ya kuskani badala ya kamera tupu, wachague nyeusi na nyeupe, watoe PDF moja. Kurasa nane zinashuka hadi MB moja au mbili na zinasomeka. Kama faili ni dogo na bado linagoma, angalia aina ya faili uliyoruhusu, kisha kumbukumbu ya simu yake. Simu iliyojaa haitengenezi PDF, na haisemi kwa nini. Mwisho kabisa angalia kivinjari. Opera Mini kwenye hali ya kubana data kupita kiasi hupitisha kurasa kwenye seva zake kwanza, na vitufe vingi vya Moodle hufa njiani. Wanafunzi wanaipenda kwa sababu inaokoa bando, na siwalaumu, ila wakati wa kukabidhi kazi wahamie Chrome au Firefox.

Na wewe pia, kabla ya kupakia makala iliyoskaniwa, jaribu kuyachagua maandishi yake kwa kidole. Yasiposhikika, hiyo ni picha tu, na mwanafunzi asiyeona anayetegemea programu ya kusoma skrini hapati hata neno.

Muda wa mwisho umekosewa

Hapa sisi tuna ugonjwa wetu wenyewe, na dalili yake hupimika. Uliza imepishana kwa saa ngapi.

Ikipishana kwa saa 6, umeandika saa ya Kiswahili kwenye mfumo unaohesabu kwa namna nyingine. Ulitaka kwizi ifunguke saa mbili asubuhi ukaweka 02:00. Imefunguka saa nane usiku, na kufikia alfajiri imeshafungwa. Mfumo unataka 08:00.

Ikipishana kwa saa 24, umeweka 00:00. Ulitaka wapewe Ijumaa yote, ukaandika Ijumaa 00:00. Kwa Moodle huo ni usiku wa kuamkia Ijumaa, dakika ambayo Ijumaa inaanza. Weka 23:59, na kwenye tangazo uandike kwa maneno: "saa sita kasoro dakika moja" huchanganya, sema tu "Ijumaa kabla ya saa sita usiku, si usiku wa kuamkia Ijumaa."

Ikipishana kwa saa 3 kamili, eneo la saa la seva au la akaunti yako ni UTC, saa ya kimataifa, badala ya Dar es Salaam. Fungua wasifu wako, chagua Africa/Dar_es_Salaam. Kama wasifu uko sawa na tofauti inabaki, ni seva, toa taarifa. Seva ikiwa imewekwa saa za London, tofauti inakuwa saa 3 au 2 kutegemea majira yao, kwa hiyo kozi iliyokuwa sawa Februari inaweza kuharibika Aprili bila mtu kuigusa.

Ikipishana kwa mwanafunzi mmoja tu, simu yake ina saa mbaya. Saa ya seva ndiyo inayohesabiwa.

Kwizi imegoma katikati

Hapa ndipo machozi yalipo, kwa hiyo tukae kidogo.

*"Nimepewa dakika kumi tu."* Kwizi ni ya dakika 60 na inafungwa saa nne. Aliyeanza saa nne kasoro dakika kumi anapata hizo kumi. Moodle haiongezi muda kupita saa ya kufunga. Kama ulitaka kila mtu apate dakika 60 kamili, waambie wazi mwisho wa kuanza ni saa tatu, au sogeza saa ya kufunga mbele.

*"Siwezi kurudi swali la nyuma."* Umechagua mtiririko wa lazima badala ya huru. Wengine huuchagua kuzuia wizi, nami siupendi: mwanafunzi ambaye mtandao umemkatikia akabonyeza mbele kwa bahati mbaya hana pa kurudi.

*"Imekatika nikapoteza majibu yote."* Mara nyingi hajapoteza. Moodle huhifadhi majibu kila anapofungua ukurasa unaofuata, na pia hujihifadhia yenyewe kila baada ya muda mfupi, kwa kawaida dakika moja, mradi mtandao upo. Aingie tena kwenye kwizi ileile, aendelee na jaribio lililo wazi. Anachopoteza ni muda, kwa kuwa saa haikusimama. Anayepoteza majibu kweli ni yule aliyewekewa maswali yote arobaini kwenye ukurasa mmoja, akaandika insha wakati data imezima bila yeye kujua. Gawa maswali, moja au machache kwa ukurasa.

*"Muda uliisha kabla sijabonyeza kukabidhi, nimepata sifuri."* Angalia mpangilio wa kinachotokea muda ukiisha. Chaguo la kukabidhi lenyewe ndilo la salama. Ukiwa umechagua kwamba lazima mwanafunzi akabidhi kabla ya muda, majibu yake yapo ila hayahesabiwi. Matoleo mapya ya Moodle yanakuruhusu kulifungua upya jaribio kama hilo. Kama mpangilio uko sawa na majaribio ya watu wengi bado yanasomeka kuwa yanaendelea saa nzima baada ya kwizi kufungwa, kazi za nyuma ya pazia za seva, zinazopaswa kujiendesha kila dakika, zimesimama. Utaijua pia kwa sababu barua pepe za majukwaa ya kozi zimeacha kufika. Ripoti, usisahihishe kwa mkono.

*Ukurasa mweupe kwa wote saa ya kuanza.* Wanafunzi mia sita wamebonyeza "anza" ndani ya dakika moja, kama abiria wote wa Mbagala kugombea daladala moja. Kila mmoja anayeonyesha upya ukurasa anaongeza ombi jingine kwenye foleni. Watangazie kupitia CR: subirini dakika mbili, msibonyeze chochote. Kwizi ijayo, gawa darasa kwa makundi yenye muda tofauti kwa kutumia nafasi ya kuwapa makundi masharti yao, kundi moja likianza robo saa baada ya jingine, na maswali yatoke kwenye benki ya maswali kwa kubahatisha. Ikirudi hata kwa makundi, uwezo wa seva ni mdogo, na mazungumzo ni ya mkurugenzi wa TEHAMA na bajeti yake.

Mwanafunzi mmoja aliyepatwa na tatizo la kweli, umeme au ugonjwa, mpe muda wake peke yake kwa njia hiyohiyo ya masharti ya mtu binafsi. Usiifungue kwizi kwa darasa zima.

Sasa onyo kubwa la mwongozo huu wote. Wanafunzi wakishaanza kwizi, Moodle itakukatalia kuongeza au kuondoa swali, na itakueleza kuwa tayari kuna majaribio. Njia pekee inayoonekana mbele yako ni kufuta majaribio hayo. Usifute. Swali lenye jibu lisilo sahihi linarekebishwa ndani ya swali lenyewe, kisha unaamuru usahihishaji urudiwe. Ukiwa tayari umefuta, usiguse kitu kingine kwenye kozi, piga simu TEHAMA dakika hiyohiyo, uliza nakala ya akiba ya mwisho ni ya lini. Onyo hilohilo linahusu kitufe cha kusafisha kozi kwa ajili ya mwaka mpya: kama mtihani wa marudio, ile supp, bado haujafanyika, kiache.

Alama hazieleweki

"Dokta, nina asilimia 90!" Amefanya kwizi moja kati ya tano, kapata 18 kwa 20. Kwa kawaida Moodle hairuki tu kazi isiyo na alama, inaiondoa kabisa kwenye hesabu, hivyo asiyefanya chochote kingine anaonekana bingwa. Weka sifuri kwa wasiokabidhi baada ya muda kupita, au ondoa tiki ya kutohesabu alama tupu.

Jumla ikigoma kufika 40 za kozi, wakati 60 ni za mtihani wa mwisho, angalia kama kuna kazi ya majaribio uliyoifanya Oktoba ukaisahau humo ndani. Kisha angalia uzito wa kila kazi. Hesabu kwa mkono mwanafunzi mmoja kabla ya kupeleka orodha yoyote.

Usibandike orodha ya majina na alama kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu 1 Mei 2023, na hata isingekuwepo, kila mwanafunzi anaweza kuona alama yake mwenyewe ndani ya Moodle. Kubadilisha alama baada ya orodha kupita kwenye bodi ya mitihani si kazi yako tena wala ya TEHAMA. Nenda kwa mkuu wa idara.

Watu 150 wameingia, hakuna anayejibu

Hili halina kitufe. Unauliza, "Tuko pamoja?" na kimya kinatawala, mpaka mmoja anaandika "ndiyo mwl".

Chanzo cha kwanza ni mahali alipo. Yuko bwenini, chumba cha watu sita, redio inalia. Hawezi kufungua maiki hata akijua jibu. Uliza maswali yanayojibika kwa herufi moja kwenye gumzo, A au B, au tumia kura. Utashangaa walivyo wengi.

Chanzo cha pili ni mhadhara wa saa mbili uliohamishiwa mtandaoni jinsi ulivyo. Watafiti waliochambua video za kozi za edX, jukwaa la masomo ya mtandaoni, vipindi vya utazamaji milioni 6.9, walionyesha mwaka 2014 kuwa watazamaji hushikika zaidi na video zisizozidi dakika 6. Sidai uifundishe sheria ya mikataba kwa dakika sita. Rekodi maelezo kwa vipande, wayasikilize kabla, kisha kipindi cha mubashara kiwe cha kutatua maswali, dakika 40. Na hizo 40 ndizo Zoom ya bure inazokupa kwa kikundi.

Chanzo cha tatu ni kuogopa kurekodiwa. Sema mwanzoni kama unarekodi, na uzime wakati wa majadiliano.

Wakizidi kupungua wiki hadi wiki, fungua ripoti ya ushiriki kwenye kozi, utafute wasioingia kwa wiki mbili, uwaandikie wao, si kundi zima. Ukigundua kwamba mmoja amefiwa, ameacha chuo kwa kukosa ada, au anaandika maneno ya kukata tamaa, usijaribu kuwa mshauri nasaha kwa WhatsApp. Mkabidhi kwa ofisi ya mlezi wa wanafunzi siku hiyohiyo.

Unapotoa taarifa TEHAMA

Fundi anahitaji kitu kama hiki: "Kozi fulani, kwizi ya pili. Leo saa 3:10 asubuhi. Wanafunzi kama arobaini kati ya 210, wote kwenye Wi-Fi ya bweni. Wenye bando wanaendelea. Chrome kwenye Android. Wanaona ukurasa mweupe baada ya kubonyeza kuanza. Picha ya skrini hii hapa." Picha iwe ya skrini nzima, saa ya juu ionekane, siyo picha ya kompyuta iliyopigwa kwa simu nyingine ikiwa na mwanga wa dirisha.

Usiweke nenosiri lako kwenye taarifa hiyo, hata mtu akikupigia na kuliomba kwa jina la TEHAMA. Fundi halihitaji kurekebisha kozi yako. Anayeliomba, mkatie simu na uripoti namba yake.